Fundi, nimeibiwa? Jinsi ninavyolinganisha prosesa za laptopu za mtumba

Juzi kijana anayesoma Maseno aliingia kibandani kwangu hapa Kisumu, laptopu kwapani, uso umekunjamana. Amenunua yenye i7, prosesa ya Intel. Mwenzake wa chumba ana i5, na hiyo i5 inamaliza kuhariri video wakati yake bado inahema. "Fundi, nimeibiwa?" Hakuibiwa. Alinunua stika.

Tukaziwasha zote mbili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha CPU: jina kamili la prosesa liko juu kulia. Yake ilikuwa i7-7500U, ya mwenzake i5-8250U. Mimi huanza kusoma baada ya kistari. Tarakimu ya kwanza ni kizazi, na ikiwa ni 1, soma mbili: i5-1235U ni kizazi cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho nayo ina neno. U haili umeme mwingi; H ina nguvu zaidi lakini inakula betri na kutoa joto.

Kizazi cha saba, hata i7 yenye U ilikuwa na kori 2, yaani vibarua wawili ndani ya prosesa. Mwaka 2017 Intel wakaziweka 4 kwenye i5 za kizazi cha nane, hadithi ikaisha. Muuzaji alikuwa amemwonyesha kijana kwamba yake ni GHz 2.7 na ile nyingine 1.6. Ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa, ila hiyo ni kasi ya msingi. Zikipewa kazi, moja hupanda hadi 3.5 na nyingine hadi 3.4. Vibarua wawili kwa wanne, mbio karibu sawa: hata mama wa omena pale Dunga hahitaji kikokotoo kujua mzigo wa nani utaisha kwanza.

Kwa AMD, mshindani wa Intel anayetengeneza prosesa za Ryzen, niliumia mwenyewe. Binamu yangu wa Kakamega alinituma nimnunulie laptopu, nikakuta Ryzen 5 5600U na Ryzen 5 7520U. Nikabeba ya 7, si ni kubwa kuliko 5? Kumbe kwenye safu ya 7000 ya laptopu, umri wa kori umefichwa kwenye tarakimu ya tatu. 7520U ni Zen 2, muundo uliotoka 2019. 7530U ni Zen 3. 7540U ni Zen 4. Ile 5600U niliyoiacha ni Zen 3, kori 6 dhidi ya 4. Tena RAM ya 7520U imechomelewa kwenye bodi, huongezi hata ukilia. Binamu hunikumbusha kila Krismasi.

Ukishasoma nambari, ichoshe mashine. Weka 7-Zip, programu ya bure ya kubana faili, ufungue Tools halafu Benchmark, uiache dakika kumi. Mimi hufanya hivyo saa nane mchana, joto la ziwa likiwa limekolea, kwa sababu alama za mtandaoni hazikupimwa chini ya mabati ya Kisumu. Rudi kwenye ule ukurasa wa Performance, utazame mstari wa Speed. Kushuka kiasi ni kawaida. Lakini 8250U ikiteremka chini ya 1.6 yake ya msingi, feni imeziba vumbi au grisi ya prosesa imekauka, na hapo ndipo unapoanza kuteta bei. Chomoa chaja, rudia.

Kuhusu miaka ijayo, angalia kwanza kilichokwisha amuliwa. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa vighairi vichache, inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa Ryzen, mimi hushauri 3000 kwenda juu. Ahadi za viwanda sizilipii. Intel walisema chipu za nanomita 10 (namba ikipungua, chipu ni ya kisasa zaidi) zingefika 2016. Prosesa zao za mezani zilikuwa bado kwenye 14 mwanzoni mwa 2021.

Kwenye kompyuta za mezani ndiko ninakoegemea AMD bila aibu. Aliyenunua bodi ya B450, yenye soketi ya AM4, mwaka 2018 akaweka Ryzen 5 2600, aliweza kuboresha BIOS (programu ya msingi ya bodi) na kuchomeka prosesa ya 5800X3D ya 2022 kwenye bodi ileile. Mwenzake wa Intel wa mwaka huo alilazimika kubadilisha bodi alipotaka kizazi cha kumi. Na ukipewa i7 au i9 ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, hakikisha BIOS ni mpya: mwaka 2024 Intel walikiri kwamba voltaji ilikuwa ikizidi na kuziharibu, wakaongeza warantii miaka miwili.

Yule kijana nilimwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na kumsafishia feni. Alipokuwa akilipa aliniuliza bei ya laptopu yenye 8350U iliyo rafuni. Nikamwambia aichoshe kwanza, 7-Zip imo tayari.