Namna ya Kuiona Kazi ya Elektroni kwa Boksi la Viatu na Sidii

Mwanafunzi wa skuli ya sekondari, awe wa Unguja au wa Pemba, hufundishwa kwamba elektroni za sodiamu zimepangwa kwenye maganda yake 2, 8 na 1, na wengi huzihifadhi namba hizo bila ya kuonyeshwa ile moja ya mwisho inafanya kazi gani. Kazi yake huonekana kwa macho, jikoni, kwa kifaa cha kuitawanya nuru kinachoundwa kwa boksi la viatu, sidii kuukuu, wembe, kadi ngumu na selotepu nyeusi, na kwa maoni yangu somo la atomu lingefaa kuanzia hapo kabla ya michoro ya ubaoni.

Kata tundu la mstatili kwenye upande mmoja mfupi wa boksi, kiasi cha sentimita 2 juu ya sakafu yake. Lizibe kwa vipande viwili vya kadi vyenye kingo zilizonyooka, ukiacha baina yao mwanya wa mlalo usiozidi nusu milimita. Karibu na upande wa pili, simamisha sidii kwa mwinamo wa nyuzi 60 hivi kutoka sakafuni, sehemu yake ya juu ikilalia nyuma na uso unaong'aa ukiuelekea mwanya. Kisha toboa tundu la kuchungulia kwenye kifuniko, wima juu ya sehemu ya chini ya sidii, na uzibe kila penye upenyo kwa selotepu.

Ulalo wa mwanya usipuuzwe. Sidii ina mfereji mmoja mrefu unaojizungusha, na mizunguko yake imeachana kwa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 1.6 tu, hiyo ndiyo inayoitawanya nuru kwa rangi zake. Mwanya usipokuwa sambamba na mizunguko hiyo pale nuru inapogonga, mistari ya rangi utakayoitafuta huchanganyika ikawa ukungu. Na kamwe usilielekeze boksi kwenye jua. Uwingu mweupe watosha.

Anza na mshumaa au kandili. Utaona rangi zote zimeungana, kutoka nyekundu hadi zambarau, kwa kuwa nuru hiyo hutoka kwenye chembe za masizi zilizopata moto, ambamo atomu zimesongamana. Kisha washa jiko la gesi lenye ndimi za buluu, chovya ncha ya waya mrefu wa chuma kwenye maji mazito ya chumvi, ambayo ndani yake mna sodiamu, na uishike ncha hiyo ndani ya moto huku mwenzako akichungulia gizani. Utajitokeza mstari mmoja wa manjano, mkali, unaozidi kwa mbali chochote kilicho pembeni yake.

Mstari huo ndio elektroni ya kumi na moja ya sodiamu. Elektroni haikai popote itakapo kuzunguka kiini, bali huwa katika ngazi maalumu za nishati, na baina ya ngazi na ngazi hapana makazi. Joto la moto huipandisha ile elektroni ya nje ngazi moja. Inaporudi, huitoa tofauti ya nishati, takribani elektronivolti 2.1 (kipimo cha nishati ndogo za atomu), kwa fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru. Ukigawa 1240, namba isiyobadilika katika hesabu hii, kwa nishati hiyo utapata urefu wa wimbi la nuru kwa nanomita (sehemu ya milioni ya milimita), nao ni karibu 589. Elektroni kumi za ndani zimeshikwa na kiini kwa nguvu ambayo moto wa jikoni hauiwezi, ndiyo maana hazishiriki.

Hesabu iyo hiyo hufanya kazi kwa haidrojeni, ambayo mwanafizikia Niels Bohr aliieleza mwaka 1913: ngazi yake ya tatu iko kwenye elektronivolti -1.51, ya pili kwenye -3.40, na tofauti yao, 1.89, huzaa mstari mwekundu wa nanomita 656.

Sasa pima. Weka kamera ya simu kwenye tundu la kuchungulia, uifunge isisogee, na uipige picha taa ya tyubu ya floresenti (si ya LED), ambayo ndani yake mna mvuke wa zebaki. Mstari wake wa buluu ni nanomita 436 na wa kijani ni 546. Bila ya kuigusa simu, piga picha ya moto wa chumvi. Mstari wa manjano utakuwa umeupita wa kijani kwa karibu sehemu mbili katika tano za umbali ulio baina ya ile miwili. Upimaji huu si wa kupuuza. Mwaka 1868, baada ya kupatwa kwa jua kulikoonekana India, wanafalaki waliukuta kwenye nuru ya jua mstari wa manjano wa nanomita 587.6, jirani kabisa na wa sodiamu lakini si wake. Ulikuwa wa heliamu, ambayo haikupatikana duniani hadi 1895.

Ukimaliza, tafuta eksitensheni yenye kitaa chekundu cha neoni na uikaribishe kwenye mwanya penye giza totoro. Nuru yake ni hafifu, hivyo yape macho dakika kadhaa kuzoea. Hapo utakuta mistari mingi ya rangi ya machungwa na nyekundu, kwa sababu atomu ya neoni, yenye elektroni nane kwenye ganda la nje, ina njia nyingi zaidi za kushuka kuliko ile moja ya sodiamu.