SOMO: Baga za maharage na nafaka, mafuta kijiko kimoja, na kwa nini zako zinavunjika

Kila anayejaribu baga za maharage anarudi na swali lile lile: mbona zimesambaratika kikaangoni? Na hawakosekani wa kumjibu "ongeza yai" au "ongeza unga". Siyo yai, siyo unga. Ni maji. Naandika kwa kirefu mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hatua ya 3 na kuishia hapo.

VIPIMO (baga 8, kila moja gramu 90 na kitu)

Maharage makavu gramu 200, yaani kikombe kimoja kilichojaa
Wali mkavu uliopoa gramu 100, zaidi ya nusu kikombe kidogo
Unga wa ulezi vijiko vikubwa 3
Karoti 1 kubwa, kitunguu maji 1, vitunguu saumu punje 3
Yai 1 (siyo lazima)
Chumvi kijiko kidogo 1, binzari nyembamba kijiko kidogo 1, pilipili manga nusu kijiko
Mafuta kijiko kikubwa 1, kwa zote nane

Maharage ya njano ya Uyole au kablanketi ndiyo bora kwa kazi hii: ganda jembamba, na ndani yakiiva yanakuwa ya unga. Mekundu makubwa yanafaa, ila ganda lake linabaki mdomoni kama karatasi.

Hatua ya 1. Chambua, osha, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale. Ukiyamwaga unapunguza na gesi ya tumbo.

Hatua ya 2. Chemsha kwa maji mapya. Wengi wanafuata mapishi ya Dar yanayosema saa moja, halafu wanashangaa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Njombe na Makete, joto hilo ni chini ya hapo kidogo. Kule pwani ni nyuzi 100. Kuongeza mkaa hakusaidii, maji yatatokota zaidi lakini joto halipandi. Panga saa moja na nusu hadi mbili kwa maharage ya msimu huu, na zaidi kwa yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima. Mwenye presha kuka, nusu saa inatosha. Chumvi kidogo haina neno, lakini nyanya na ndimu zisiguse sufuria kabla hayajaiva, uchachu unayafanya yachelewe kulainika.

Maharage mekundu yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inakufa kwa kuchemka, siyo kwa kupashwa moto tu. Yatokote kwa nguvu nusu saa kabla hujapunguza moto au kuyahamishia kwenye kikapu cha kutunza joto. Moto mdogo tangu mwanzo ni hatari.

Yameiva pale ukiminya punje moja kati ya ulimi na kaakaa inasagika bila kiini kigumu. Yasipasuke yote yakawa rojo.

Hatua ya 3. KAUSHA. Hapa ndipo baga inapoishi au kufa.

Maji yanakaa sehemu tatu, na lazima uyatoe sehemu zote tatu. Kwanza, maharage. Chuja, acha kwenye chujio dakika 10, kisha yarudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo, tikisa dakika 3 au 4. Utaona mng'ao wa ganda unafifia, maganda yanaanza kupasuka na kujikunja, na mvuke unapungua. Toa, tandaza kwenye sinia yapoe kabisa. Pili, karoti. Kwaruza, nyunyizia chumvi robo kijiko (iondoe kwenye ile ya vipimo), subiri dakika 10, weka kwenye kitambaa safi, kamua kwa nguvu. Usipoona maji yanadondoka, hujakamua. Tatu, kitunguu. Katakata vipande vidogo sana, pika pamoja na kitunguu saumu kwa nusu kijiko kidogo cha mafuta (toa kwenye kile kijiko kikubwa) mpaka kiwe cha kahawia na kisitoe sauti ya maji tena. Kitunguu kibichi ndani ya baga kinaachia maji kikipata moto, na pale kilipokaa ndipo baga inapomeguka.

Ukiruka haya ukasema "nitaongeza unga", unga utakunywa maji hayo, mchanganyiko utashikana, na baga itatoka nzito, ngumu nje, mbichi katikati. Na kila kijiko kikubwa cha unga unachozidisha ni kalori 30 na ushee.

Hatua ya 4. Ponda kwa mchi au mwiko. Theluthi mbili ziwe laini, theluthi moja ibaki vipande. Blenda hapana! Inavunja punje mpaka wanga wote unatoka, unapata gundi, na gundi hiyo inafungia mvuke ndani: nje inaungua wakati katikati ni tope.

Hatua ya 5. Unga wa ulezi ukaange kwanza bila mafuta dakika 2 mpaka unukie, ladha ya ubichi iondoke. Changanya kila kitu, yai mwisho. Kipimo cha mkono: chukua donge, libonyeze kiganjani. Likiacha unyevu unaong'aa, bado maji, ongeza nusu kijiko cha ulezi. Kingo zikipasuka nyufa pana, limekauka mno, rudishia kijiko kimoja cha maji uliyochemshia maharage. Funika, weka kwenye friji angalau nusu saa. Wanga ukipoa unakaza, na hilo ndilo linaloshika baga kuliko yai. Asiye na friji, mabaridi ya Njombe ya mwezi wa saba yanafanya kazi hiyo bure, sufuria likiwa limefunikwa.

Hatua ya 6. Tandika mfuko wa plastiki safi kwenye kifuniko cha kopo chenye upana wa sentimita 9, shindilia, vuta mfuko. Unene uwe chini kidogo ya sentimita moja na nusu.

Hatua ya 7. Kikaango kipate moto wa wastani, paka mafuta kwa brashi au kipande cha kitunguu. Weka baga, USIIGUSE dakika 5. Ikishika chini maana yake ukoko haujafanyika, subiri. Ikiwa tayari inajiachia yenyewe. Geuza mara moja tu, dakika 5 tena.

Kuhusu kalori: maharage 680, wali 130, ulezi 95, yai 70, mboga 80, mafuta 120. Jumla kama 1,175, gawa kwa nane, unapata 147 kwa baga, protini gramu 7 hivi. Ukiitumbukiza kwenye karai la mafuta na ikanywa gramu 10 tu, umeongeza kalori 90 na hesabu yote imeharibika. Mkate wa baga peke yake ni kama 150, mayonezi kijiko kikubwa karibu 100. Tumia upande mmoja wa mkate, au jani la kabichi lililochovywa maji ya moto. Badala ya mayonezi weka mtindi mzito, ndimu na kitunguu saumu.

MASWALI

Kijana Mafinga: Mkuu maharage kiasi gani?

Mtoa somo: Mstari wa kwanza wa vipimo.

Dada Soweto: Asante kwa somo. Zangu zimevunjika tena jamani, na yai nimeweka mawili!

Mtoa somo: Karoti ulikamua?

Dada Soweto: Sikukamua, nilikuwa na haraka.

Mtoa somo: Basi jibu unalo. Yai la pili nalo limeongeza maji, maana sehemu kubwa ya yai ni maji.

Mama Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mimi nina ngano nzima ya Makete, mchele sina. Naweza kubadili? Na kwa nini lazima nafaka, maharage pekee hayatoshi?

Mtoa somo: Marahaba mama. Ngano nzima ni nzuri kuliko wali kwa mdomo, inatafunika. Loweka usiku, chemsha mpaka ipasuke, kausha kama maharage, kisha ipige mara chache kwenye kinu ili punje zivunjike nusu. Haishiki kama wali, hivyo ulezi uwe vijiko 4. Swali la pili: maharage pekee yanatoa baga ya unga isiyo na cha kutafuna. Halafu kuna suala la protini. Maharage yana laisini nyingi na methionini kidogo (hivi ni viini vinavyojenga protini), nafaka ni kinyume chake, zikikaa pamoja zinajazana. Ndiyo maana makande ni chakula kamili tangu zamani. Mtama mzima nao unafaa kwa njia hiyo hiyo.

Mtu wa Tunduma: Baga bila nyama siyo baga. Mnajidanganya.

Mtoa somo: Mada ya nyama haipo hapa mkuu. Anayetaka nyama ajue baga ya ng'ombe yenye mafuta ya kawaida, ya gramu 110 kabla ya kuiva, inakaribia kalori 290.

Mwana Ileje: Mimi natia magadi maharage yaive haraka. Kuna ubaya?

Mtoa somo: Kwa mboga ya kawaida ni uamuzi wako. Kwa baga usitie. Magadi yanalainisha ganda mpaka linayeyuka, unabaki na rojo lisilokaushika, na ladha ya sabuni inajitokeza ukikaanga. Yanaharibu na vitamini B1. Loweka mapema, utaokoa mkaa bila magadi.

Kijana Mafinga: Nimetia unga wa ngano vikombe viwili, zimekuwa ngumu sana, tatizo nini?

Mtoa somo: Vikombe viwili umetoa wapi? Vipimo vinasema VIJIKO vitatu, tena vya ulezi. Hiyo ni chapati ya maharage kaka.

Kijana Mafinga: Sawa mkuu usikasirike.

Mtoa somo: Sijakasirika. Soma.

Bibi Rungwe: Mwanangu, huku parachichi zinaozea chini ya miti. Naweza kulipaka badala ya mayonezi?

Mtoa somo: Paka bibi, ila kwa kiasi. Gramu 100 za parachichi ni kalori 160. Vijiko viwili vikubwa, gramu 30 hivi, ni kalori 50, nusu ya mayonezi. Lisiingie ndani ya mchanganyiko wa baga, mafuta yake yanalegeza na likipikwa linakuwa chungu.

Fundi wa Ilula: Sina kikaango kisichoshika. Sufuria la kawaida linashika kila kitu.

Mtoa somo: Palia moto juu na chini kama unavyooka keki. Sufuria zito, mchanga mkavu chini, sahani ya bati iliyopakwa mafuta kidogo, baga juu yake, funika, mkaa mwingi juu ya mfuniko na kidogo chini. Dakika 25, geuza zikifika 15. Mafuta yanapungua mpaka nusu ya kile kijiko.

Mama Tukuyu: Na makande yaliyobaki mwalimu? Hapa nyumbani kila mara kinabaki kiporo.

Mtoa somo: Hilo swali zuri mama. Inawezekana kabisa, maharage na nafaka vimo tayari. Mambo matatu. Mahindi hayapondeki kwa mwiko, lazima kinu, yapige peke yake kwanza mpaka yawe chenga. Mchuzi uchuje wote na uyakaushe motoni kama hatua ya 3. Na kama yaliungwa kwa karanga au nazi, hesabu yangu ya kalori uisahau, itapanda. Kiporo chenyewe kiwe kililala kwenye baridi, siyo jikoni kando ya moto.

Dada Soweto: Nimerudi. Nimekamua kila kitu, mchanganyiko ulikuwa mkavu vizuri, kipimo cha mkono kilikubali. Baada ya saa moja kwenye friji nimekuta umelegea umekuwa majimaji! Sielewi.

Mtoa somo: Hapo sasa umeuliza vizuri. Unga wa ulezi umenunua wapi?

Dada Soweto: Kwa mama mmoja Mwanjelwa, anauza wa togwa.

Mtoa somo: Huo ni kimea. Ulezi uliooteshwa una vimeng'enya vinavyokatakata wanga, ndivyo vinavyofanya uji wa togwa uwe mwepesi. Ukiutia kwenye wali na maharage yaliyoiva unafanya kazi ile ile, na baridi inaupunguza kasi tu. Ukinunua, sema wazi unataka ulezi usiooteshwa. Ukionja mkavu, kimea kina utamu.

Dada Soweto: Kumbe! Lakini si niliukaanga dakika 2 kama ulivyosema?

Mtoa somo: Dakika 2 kikavu zinatoa ubichi tu, vimeng'enya vingi vinabaki. Vinakufa vizuri kwenye joto lenye maji.

Dada Soweto: Na huu niliouharibu niutupe?

Mtoa somo: Usitupe. Upike kwenye sufuria kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka utokote vizuri, kimea kinakufa na maji yanapungua. Hautashika kama baga tena, ila ukiongeza ndimu na pilipili unapakwa kwenye chapati au mkate. Friji siku tatu, usizidishe.