Kutuma Pesa Kisumu kwa Sarafu za Kidijitali: Mwongozo kwa Walio Ughaibuni

Ukiwa London au Doha na unataka kumtumia mama pesa za dawa kule Kondele, kumbuka kwanza kwamba yeye atazitumia kwa shilingi kupitia M-Pesa, ambayo tangu izinduliwe mwaka 2007 imekuwa njia ya kulipia karibu kila kitu, kuanzia samaki wa soko la Kibuye hadi nauli ya bodaboda. Blokucheni, yaani daftari la mtandaoni linalorekodi miamala ya sarafu za kidijitali, ni kivuko tu kati ya mshahara wako na simu yake.

Kwa hiyo usidanganywe na ada ndogo ya mtandao. Hesabu shilingi zitakazoingia kwenye simu baada ya gharama ya kununua sarafu, ya kuihamisha na ya kuiuza, pamoja na tofauti ya bei ya dola, kisha ulinganishe jumla hiyo na ile ya kampuni ya kawaida ya kutuma pesa. Mara nyingine kampuni hiyo ndiyo itakayokufaa. Ukichagua sarafu, chukua zilizofungamanishwa na dola, kama USDT au USDC, kwa kuwa bei ya Bitcoin inaweza kushuka kabla karo haijalipwa.

Hatari kubwa iko kwenye anwani, yaani msururu wa herufi na namba unaoonyesha sarafu iende kwa nani. USDT hupitia mitandao kadhaa: anwani za Tron huanza na herufi T, za Ethereum huanza na 0x, na muamala ukishathibitishwa haurudishwi. Aliyekosea namba kwenye M-Pesa hutuma ujumbe wa muamala kwa 456 akiomba arudishiwe. Kwenye blokucheni hakuna pa kuomba. Ndiyo maana naona si haki kumkabidhi mzee ulinzi wa yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi ya sarafu. Ibadilishe sarafu wewe mwenyewe, kupitia huduma inayolipa moja kwa moja kwenye M-Pesa, huku ukizingatia kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja.

Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali pepe, zikiwemo sarafu za kidijitali, mwaka 2025, ikaweka usimamizi mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Basi uliza kama huduma hiyo ina leseni. Ukilazimika kumuuzia mtu binafsi, usiachilie sarafu kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo. Mpokeaji aangalie salio lake, na jina la aliyelipa liwe lile lile la mnunuzi.

Mara ya kwanza tuma dola 10 pekee, mpigie mama simu, na usubiri akusomee kiasi kilichoingia.