Maharagwe yakikataa kuiva Nairobi, usiongeze moto

Maji hapa Nairobi hayafiki nyuzi 100 hata uwashe moto wa kiasi gani. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana githeri inakaa jikoni muda mrefu kuliko ile ya Mombasa, na mwenye duka analaumiwa bure kwamba kakuuzia maharagwe ya mwaka juzi. (Wakati mwingine ni ya mwaka juzi kweli.)

Sasa gesi. Maji yakishaanza kutokota, joto lake haliongezeki tena. Moto wote unaozidisha unageuza maji kuwa mvuke tu, na kazi hiyo inakula nishati mno: kugeuza lita moja inayochemka yote kuwa mvuke huhitaji zaidi ya mara tano ya joto la kuitoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Kwa hiyo yakichemka, punguza moto mpaka uone viputo vichache vikipanda pembeni mwa sufuria, kisha funika. Maharagwe yataiva kwa muda uleule.

Yaloweke usiku kucha kwanza. Na ukiweza kununua sufuria ya presha, nunua: mvuke uliofungiwa humo hupandisha joto kupita nyuzi 110, na hata maharagwe magumu ya aina ya nyayo hulainika.

Maji ya kunywa yasikutie wasiwasi, nyuzi 94 zinatosha kuua vijidudu. Yaache yatokote dakika moja.