Parasetamoli kwanza, uji baadaye
Kichwa kikiuma na unataka nafuu ya haraka, meza parasetamoli kwa glasi nzima ya maji, uji unywe baada ya nusu saa. Mfamasia kanifundisha juzi. Dawa hii hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba. Tumbo likiwa na uji mzito, maji hayakifikii kidonge upesi, kinachelewa kumumunyika na kinakawia kushuka. Tumbukiza kimoja kwenye maji na kingine kwenye uji wa ulezi, utaona mwenyewe. Dawa haipotei, inachelewa tu. Ila usifanye hivi kwa ibuprofeni au diklofenaki, zinaumiza tumbo tupu, wala kwa dawa ya mseto ya malaria aina ya ALu (artemether na lumefantrine): hiyo hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa.