Mthamini si wako, ni wa benki: kununua na kuuza nyumba Marekani

Mmeshapatana bei na mwenye nyumba. Dalali anakupongeza, na jamaa wameanza kuuliza mnahamia lini. Kisha benki inamtuma mtu usiyemjua. Anazunguka vyumbani na kamera na kipimo, anapiga picha za nje, anaaga. Siku chache baadaye inakuja ripoti, na ndani yake kuna namba moja inayoweza kukutoa maelfu ya dola ambayo hukuyapanga.

Huyo ni mthamini. Unamlipa wewe, kwa kawaida dola mia kadhaa, na hurudishiwi hata ununuzi ukivunjika. Hata hivyo mteja wake ni benki, na benki ina swali moja tu: huyu akishindwa kulipa tukaiuza nyumba, hela zetu zitarudi? Kwa hiyo mkopo hupigiwa hesabu kwa bei mliyopatana au kwa thamani aliyoandika mthamini, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Anayemsubiri mthamini kama mtetezi wake amekosea mlango.

Chukua nyumba ya dola 400,000. Una kianzio cha asilimia 5, yaani 20,000, na benki itoe 380,000 zilizobaki. Mthamini anaandika 380,000. Sasa benki inatoa asilimia 95 ya hiyo, yaani 361,000, na mwenye nyumba bado anataka 400,000 zake. Ukitaka kuendelea, unatakiwa kuja na 39,000. Thamani imeshuka kwa asilimia 5 tu, lakini hela ya mfukoni mwako imekaribia kuwa maradufu, na bado hujagusa gharama za kukamilisha ununuzi. Hapa ndipo tunapoumia sisi tunaonunua kwa kianzio kidogo huku kila mwezi tunatuma hela nyumbani. Mwenye kianzio kikubwa anaweza kuzipanga upya hela zake. Wewe za kupanga huna.

Kinga yake iwekwe kwenye mkataba kabla hujasaini: sharti la uthamini. Linakuruhusu kujitoa na kurudishiwa arubuni yako thamani ikiwa chini ya bei. Soko likiwa moto, utashauriwa uliondoe ili ofa yako ivutie. Mimi nasema usiliondoe kama tofauti hiyo huna taslimu mkononi, hata nyumba iwe nzuri namna gani. Mikopo ya FHA, yaani ile inayowekewa bima na serikali kuu, na ile ya VA kwa waliotumikia jeshi, huja na kifungu cha namna hii: thamani ikipungua chini ya bei, mnunuzi halazimishwi kununua wala hapotezi arubuni.

Namba yenyewe inatoka wapi? Kwa nyumba ya kuishi, zaidi hutoka kwa nyumba nyingine. Mthamini anatafuta zilizouzwa karibu na hapo, angalau tatu zinazofanana na yako, na mara nyingi ziwe zimeuzwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Kisha anasawazisha. Kama ile ya jirani ina gereji na yako haina, anapunguza bei ya ile ya jirani kwa kiasi ambacho wanunuzi wa mtaa huo huongeza kwa ajili ya gereji. Zingatia hapo: anaangalia wanunuzi wanatoa nini, risiti za fundi wako hazimhusu sana. Jiko ulilotengeneza kwa dola 50,000 halikuongezei 50,000.

Nina rafiki aliyegeuza sehemu ya chini ya ardhi kuwa vyumba viwili vya wageni, vizuri kweli, akajumlisha futi zote za mraba na kuipangia nyumba bei. Ripoti ilipotoka, vyumba vile vilikuwa kwenye mstari wao peke yake, kwa thamani ndogo. Ndivyo kanuni ilivyo: ghorofa ambayo hata sehemu yake iko chini ya usawa wa ardhi haihesabiwi kwenye eneo kuu la kuishi, hata uitie marumaru. Na kama ujenzi ulifanywa bila kibali cha halmashauri, hata hicho kidogo kinaweza kukosekana.

Usimchanganye mthamini na mkaguzi. Mkaguzi ni wako. Ndiye anayepanda darini na kupekua mabomba na nyaya. Ripoti nzuri ya mthamini haimaanishi paa halivuji. Kwa FHA mthamini huangalia pia usalama, kwa mfano rangi inayobanduka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, kwa hofu ya sumu ya madini ya risasi (lead) kwenye rangi hiyo. Makadirio ya kodi ya jengo na yale ya tovuti za nyumba ni hesabu nyingine kabisa, benki haikopeshi kwa hizo.

Thamani ikitoka chini, kwanza dai nakala ya ripoti. Sheria inaitaka benki ikupe bila kuitoza nakala hiyo, mapema iwezekanavyo na angalau siku tatu za kazi kabla ya kukamilisha, isipokuwa umeridhia kuupunguza muda huo. Isome kama mtu anayetafuta kosa. Idadi ya vyumba ni sahihi? Futi za mraba je? Nyumba alizolinganisha ziko upande ule mwingine wa barabara kuu, ambako bei ni tofauti? Ukipata kosa, au mauzo yanayofanana zaidi ambayo aliyaacha, peleka ombi la kuangaliwa upya kupitia afisa mikopo. Usimpigie mthamini. Malalamiko matupu hayasaidii; anwani, tarehe na bei za mauzo husaidia.

Kuna na jambo la rangi zetu. Freddie Mac, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, ilipochunguza mwaka 2021 ilikuta nyumba katika maeneo ya Weusi zilithaminiwa chini ya bei ya mkataba kwa asilimia 12.5 ya mara, dhidi ya 7.4 kwenye maeneo ya Wazungu. Wapo wanaoondoa picha za familia ukutani siku ya mthamini, na siwalaumu. Sheria ya makazi ya 1968 inakataza ubaguzi huo, na malalamiko hupelekwa HUD, wizara ya makazi ya Marekani, ndani ya mwaka mmoja.

Kwa muuzaji, mpe mthamini karatasi moja: umebadilisha nini, mwaka gani, kwa kibali gani. Hilo linaruhusiwa, kumshinikiza aandike namba fulani ni marufuku. Na kabla ya kumfukuza mnunuzi wa FHA kwa sababu thamani imetoka chini, jua kwamba kwa kawaida uthamini huo hubaki na nyumba kwa siku 180. Mnunuzi mwingine wa FHA akija mwezi ujao, ataikuta namba ileile inamsubiri.