Jinsi ya kuzuru Oyama, hekalu la ukoo wa Maeda, Kanazawa, Japani

Wageni wengi hupiga picha ya lango la hekalu la Oyama wakaenda zao. Wanakosa mengi. Mimi hupenda kuwapitisha hivi.

1. Langoni. Vua kofia, inama kidogo mbele ya torii, lango la nguzo mbili, kisha pita pembeni. Katikati ni njia ya kami, yaani roho inayoheshimiwa humo. Lango kuu lenyewe ni la mwaka 1875: matao chini, vioo vya rangi juu, na taa yake ilipata kuongoza meli baharini. Rudi usiku uvione vioo hivyo vikiwaka.

2. Kunawa. Aliyezoea kutawadha ataanza na mkono wa kulia. Hapa ni wa kushoto kwanza. Chota maji kwa kata, nawa kushoto, kisha kulia. Mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue. Kata isiguse mdomo. Nawa tena kushoto, halafu isimamishe kata ili maji yasafishe mpini. Kama hakuna kata, nawa kwenye maji yanayotiririka.

3. Mbele ya jengo la ibada. Tumbukiza sarafu, inama mara mbili, piga makofi mawili, omba kimoyomoyo, inama mara moja. Imani yako ikikukataza, simama kando kwa utulivu. Inatosha.

Usiondoke bado. Anayeenziwa hapa ni Maeda Toshiie, samurai aliyeingia Kanazawa mwaka 1583 na kufariki 1599. Mwanawe Toshinaga aliogopa kumtukuza baba waziwazi, akina Tokugawa, ukoo uliokuja kuitawala Japani, wasije wakamshuku, basi akaiweka roho yake ndani ya hekalu la mungu mwingine, Hachiman. Hekalu hili lilijengwa hapa 1873, utawala wa Tokugawa ulipokwisha kuanguka. Matsu, mke wa Toshiie, aliunganishwa naye humu mwaka 1998 tu, na kwa maoni yangu alicheleweshewa mno haki yake: mwaka 1600 alikubali kwenda Edo (Tokyo ya leo), mji wa Tokugawa, kuwa mateka ili ukoo usishambuliwe, akakaa huko miaka 14.

4. Kutoka. Zunguka bwawa la bustani, ukitafuta ua la ume, mti wa plamu wa Kijapani, nembo ya akina Maeda. Kisha toka kwa nyuma, uvuke daraja la Nezumitamon lililofunguliwa 2020. Litakuingiza moja kwa moja katika bustani ya Tamasen'inmaru, ndani ya eneo la ngome yao.